Ufaransa: Jamhuri Isiyohesabu Rangi

Sensa ya Ufaransa haimuulizi mtu rangi wala kabila. Katiba yao inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria, bila kujali asili wala dini. Kwa maandishi ni jambo jema. Ila askari anayesimamisha vijana barabarani na kudai vitambulisho ana macho. Mwaka 2017 taasisi ya dola inayotetea haki za raia ilieleza kuwa vijana wa kiume wanaoonekana weusi au Waarabu wana uwezekano mara 20 zaidi ya wengine wa kusimamishwa.

Vijana hao wengi huishi pembezoni mwa miji mikubwa, katika maghorofa yaliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kupunguza uhaba wa nyumba. Clichy-sous-Bois ni mji mmojawapo: uko kilomita 15 hivi kutoka katikati ya Paris, lakini tramu ilikuja kuufikia Desemba 2019 tu. Hapo, Oktoba 27, 2005, vijana wawili wa miaka 17 na 15 waliokuwa wakiwakimbia polisi walijificha ndani ya kituo cha kupoza umeme, wakanaswa na kufa.

Ghasia zilienea nchi nzima kwa wiki tatu. Magari yapatayo 10,000 yaliteketezwa. Serikali ikatangaza hali ya hatari kwa sheria ya 1955, iliyotungwa kwa ajili ya vita vya Algeria, koloni la Ufaransa wakati huo. Yaani wajukuu wa waliotawaliwa walitulizwa kwa sheria waliyotungiwa babu zao! Waliolengwa hawakuhitaji mfasiri.

Nicolas Sarkozy, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, alikuwa ameshaua mpango unaofanana na polisi jamii wetu. Mwaka 2003 aliwaambia askari wa Toulouse kuwa kazi yao ni kukamata wahalifu, si kuandaa michezo.

Fedha zilitoka, tena mabilioni ya yuro, maghorofa yakavunjwa na kujengwa upya. Polisi ndio hawakuguswa. Mwaka 2015 askari wawili walioshtakiwa kwa tukio la Clichy waliachiwa huru, na sheria ya 2017 ikawapanulia polisi ruhusa ya kufyatulia risasi magari yanayokaidi amri ya kusimama. Juni 2023, huko Nanterre, askari alimpiga risasi na kumuua kijana wa miaka 17 aliyekuwa akiendesha gari. Ghasia zikarudi. Safari hii hali ya hatari haikutangazwa. Serikali ilimwaga askari 45,000 kwa usiku mmoja, na sheria ya 2017 ikabaki kama ilivyo.