KONGOSHO NA UMRI: KWA NINI WANACHAMA WAZEE WAPIMWE SUKARI



Katika kila chama cha msingi wamo wanachama wenye umri mkubwa. Mmoja wao akichoka upesi, akinywa maji mengi na kutoka nje kukojoa mara kwa mara wakati wa mkutano, husemwa kuwa ni uzee tu. Huenda ni kisukari.

Kongosho ni kiungo kilichoko nyuma ya tumbo la chakula. Ndani yake mna mafungu madogo ya chembe hai, yaliyoelezwa na Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869. Humo hutoka insulini, ambayo huiwezesha sukari ya damu kuingia katika misuli. Ni kama karani mwenye ufunguo wa ghala: asipokuwapo, magunia hurundikana nje.

Sukari inapopanda, kongosho lenye afya hutoa insulini kwa awamu mbili: ya kwanza ni ya haraka na hudumu dakika 10 hivi, ya pili ni ya polepole. Umri unapozidi, chembe hizo hazizaliwi upya kwa wepesi, na awamu ya kwanza hufifia. Wakati huohuo misuli hupungua na mafuta ya tumbo huongezeka, hivyo insulini nyingi zaidi huhitajika. Matokeo yake, baada ya mlo sukari hupanda zaidi na kuchelewa kushuka.

Si kila mzee atakayepata kisukari. Lakini sukari yaweza kuzidi kwa miaka kadhaa bila maumivu, huku ikiharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Mkulima huchomwa na kisiki asisikie, na kidonda kikakataa kupona.

Kwa hiyo inashauriwa:

1. Chama kipange na zahanati siku ya kupima wanachama, asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikithibitishwa kwa kupima tena, ni kisukari.

2. Wazee waendelee kutembea na kufanya kazi kwa kadiri ya nguvu zao, kwani misuli inayotumika hupokea sukari kwa urahisi zaidi.

3. Sukari ya chai ipunguzwe, na aliyepewa dawa asiziache bila ushauri wa mganga.

Vitabu vya chama hukaguliwa kila mwaka, hata pasipokuwa na mtu anayeshukiwa. Tusingoje hasara ionekane ndipo tuikague na afya ya mwanachama.