Guerrilla: neno la Kihispania lililofika hadi milima ya Fizi

Kwa Kihispania, guerra maana yake ni vita. Ukilipunguza neno hilo unapata guerrilla, yaani vita vidogo, kama vile Kiswahili kinavyotoa kilima katika mlima. Hutamkwa karibu na « geriya »: herufi u haisikiki.

Udogo huo si wa maumivu. Neno lilienea Ulaya kuanzia mwaka wa 1808, wakati Napoleon alipoivamia Uhispania. Jeshi la inchi lilipovunjika, wakulima na askari waliotawanyika waliunda vikundi, wakashambulia misafara ya chakula na wabeba barua, kisha wakatoweka. Juan Martín Díez, aliyeitwa El Empecinado, alikuwa mmoja wa viongozi wao. Vita viliisha mwaka wa 1814, lakini jina likabaki.

Kwa Kihispania, guerrilla ni kundi au vita vyenyewe. Mpiganaji ni guerrillero, na mwanamke ni guerrillera. Kifaransa kimehifadhi tofauti hiyo: guérilla na guérillero. Kiingereza kinamwita mpiganaji mwenyewe guerrilla. Kiswahili nacho husema « vita vya msituni », ingawa msitu haumo kabisa ndani ya neno la asili. Watupamaro wa Uruguay walipigana katika mji wa Montevideo, na bado waliitwa guerrilla.

Wakaaji wa Fizi waliwaona watu wa neno hilo kwa macho. Mwezi wa Aprili 1965, Ernesto Che Guevara, ambaye tayari alikuwa ameandika kitabu juu ya vita vya aina hiyo, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma pamoja na Wakuba wengine. Walijipa majina ya Kiswahili kwa hesabu: Moja, Mbili, naye akawa Tatu. Mwezi wa Novemba walirudi ng'ambo, wameshindwa.

Lakini Kolombia ndiko neno limekuwa na uzito mkubwa zaidi. FARC ilianza huko mwaka wa 1964, na raia walisema tu la guerrilla, bila kutaja jina. Serikali ya Álvaro Uribe, iliyotawala kuanzia 2002 hadi 2010, ilikataa kusema kwamba kuna vita inchini. Kwake walikuwa magaidi tu. Ubishi huo ulionekana kuwa wa maneno, hadi ilipofika zamu ya wahanga.

Mwaka wa 2011, chini ya rais Juan Manuel Santos, sheria ya wahanga ilikubali kwa maandishi kwamba kulikuwa na vita vya ndani. Mapatano na FARC yalikuja mwaka wa 2016. Kwa sheria hiyo, mjane ambaye mume wake aliuawa na guerrilla tangu 1985 anaweza kudai malipo ya serikali. Yule ambaye mume wake aliuawa na majambazi wa kawaida hahesabiwi.