Nyumba Iliyopashwa Joto kwa Chumvi

Kila aliyeleta chupa ya mafuta ya nazi Uingereza anajua kuwa huku huganda kama samli. Jambo wasilolijua wengi wetu ni kwamba yanapoyeyuka, mafuta hayo hula joto jingi pasipo kuzidi sana kuwa moto. Na yanapoganda hulirudisha. Kwa kuwa bili za gesi ndizo gumzo la barazani, vijana wameniuliza kama jua la mchana laweza kuwekwa akiba hadi usiku. Nawajibu kwa habari ya nyumba moja.

Mwaka 1948, mjini Dover, jimbo la Massachusetts, Marekani, Dakta Mária Telkes, mzaliwa wa Budapest, alitaka nyumba ipate joto kwa jua peke yake, bila tanuri. Bi. Eleanor Raymond aliichora, Bi. Amelia Peabody akatoa fedha. Walioingia kuishi humo ni jamaa zake Telkes, wahamiaji kama yeye. (Kumbe si kwetu tu, anayejaribiwa kwanza ni jamaa!)

Hewa iliyopata moto nyuma ya vioo vilivyoelekea kusini ilisukumwa kwa feni hadi kwenye makabati yenye mapipa ya chumvi ya Glauber, jumla tani 21 hivi. Chumvi hiyo, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, huyeyuka kwa nyuzi 32 za sentigredi. Kilo moja ikiyeyuka hubeba joto la kutosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 60 hivi. Usiku ikiganda, vyumba hupata joto.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kufika msimu wa tatu wa baridi, taabu ikaanza. Kila chumvi ilipoyeyuka, sehemu yake ilizama chini ya pipa, maji yakabaki juu, na wakati wa kuganda havikukutana tena. Akiba ikapungua. Mwishowe tanuri likawekwa.

Mtu aweza kuiita hiyo hasara. Mimi niliyefanya kazi ya mabomba ya joto siiiti hivyo, kwani ugonjwa ulijulikana, na Telkes hakuacha. Alitia boraksi kidogo ili chumvi isikatae kuganda, na baadaye vikatafutwa vitu vya kuifanya nzito isizame.

Leo hapa Uingereza huuzwa masanduku yenye chumvi nyingine, sodiamu asetati, iyeyukayo kwa nyuzi 58, kwa ajili ya maji ya kuogea. Anayetaka kununua aulize kwanza limejaribiwa kuyeyuka na kuganda mara ngapi. Bei aiulize baadaye.