Mazimbu: Shamba la mkonge lililogeuka shule ya wakimbizi
Wanaosoma kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA, Mazimbu, huenda wanalijua jina tu. Mahlangu alinyongwa Pretoria Aprili 6, 1979, akiwa na miaka 22. Chama chake, ANC, kilikuwa kimepewa na Serikali ya Tanzania shamba la mkonge lililoachwa, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ili vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya ghasia za Soweto za 1976 wapate shule. Walianzia kwenye majengo chakavu ya shamba, wakajenga mabweni, hospitali, hata chekechea, maana watoto walizaliwa uhamishoni. Mwaka 1992 yote yalikabidhiwa Tanzania. Mzazi ukifika Morogoro, wapeleke watoto. Makaburi ya waliofia ugenini bado yapo palepale.