Uzi Unaosomwa Hadi Mwisho

Oktoba 2015, Mmarekani A'Ziah King alisimulia kwenye Twitter safari yake ya Florida iliyomwendea kombo, kwa machapisho 148 mfululizo. Kisa hicho kikazaa filamu, Zola, iliyoonyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2020. King alipokisimulia, chapisho moja halikuzidi herufi 140, kipimo kilichotokana na SMS, na hata kitufe cha kuunganisha machapisho kuwa uzi hakikuwepo. Kilikuja Desemba 2017.

King alikwisha kukiposti kisa hicho mara mbili na kukifuta, maana hakuna aliyeitikia. Mara ya tatu akakitia ucheshi, akaanza kwa kuwauliza wasomaji kama wanataka kujua kilichomkosanisha na mwenzake. Ndiyo paukwa yenyewe: mtambaji haendelei mpaka asikie pakawa.

Nyuzi zetu nyingi hufia hapo. "Leo nitazungumzia umuhimu wa bima ya afya, twende pamoja." Nani aende, na bando lenyewe la kuhesabu? Anza na linalomgusa mtu: "Bima nyingi hazilipii uzazi mpaka miezi kadhaa ipite. Ukijiunga ukiwa tayari mjamzito, huenda gharama za kujifungua zikawa zako." Mwenye mke mjamzito hapiti hapo bila kusoma.

Halafu kila kipande kijitosheleze. Wengi hawaanzi mwanzo. Wanakutana na kipande cha tano kwa sababu rafiki amekisambaza, na "kama nilivyosema hapo juu" haiwasaidii kitu. Andika uzi wote kwanza, ndipo uposti. Ile "itaendelea kesho" iachie magazeti ya hadithi.

Swali la mwisho nalo liwe la kujibika. "Mna maoni gani?" huambulia kimya. "Bima yako ilikutaka usubiri miezi mingapi?" ina jibu ambalo mtu analo tayari, na akijibu, mjibu.

Kuna wanaotafuta majibu kwa kuchokoza au kutia chumvi. King mwenyewe alikiri kuongeza chumvi, na kisa cha burudani kinavumilia. Uzi wa afya, sheria au fedha hauvumilii. Usichoweza kukithibitisha kiondoe kabla ya kuposti, kwa sababu kipande kikishasambazwa peke yake, masahihisho utakayoweka mwisho wa uzi huenda yasimfikie kamwe aliyekisoma.