Mwanga na Uhai wa Miambani

Matumbawe na chaza wakubwa wa bahari za joto huhifadhi mwilini mwani mdogo sana unaogeuza mwanga kuwa chakula. Ndiyo maana anayewafuga katika tangi la kioo hulazimika kuweka taa kali. Ziwa Tanganyika, penye mji wa Kalemie, halina matumbawe, lakini kanuni ni ileile: mwani huota juu ya miamba, na samaki wa jamii ya Tropheus huukwangua kwa meno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba penye udongo mwingi uliomomonyoka kutoka milima iliyofyekwa misitu, aina za viumbe ziwani hupungua. Tope huziba mwanga na kufunika miamba. Tangini, mfugaji huongeza taa. Ziwani hakuna budi kuhifadhi miti ya milimani.