Sahani ya Futari na Maradhi ya Sukari

(Darsa iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri, London. Imeandikwa kutoka katika sauti na kusahihishwa kidogo ili isomeke.)

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu, na akina mama mliokaa upande wa pili wa pazia, leo tulikusudia kuendelea na milango ya zaka. Tumeiahirisha. Wiki iliyopita mzee mmoja wa jamaa zetu alianguka ndani ya basi, saa kumi za alasiri, akiwa amefunga. Abiria walidhani amelewa. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipompima walikuta sukari yake imeshuka mpaka 2.6, hali aliyekuwa mzima haifiki huko hata akifunga siku nzima. Alhamdulillahi yu hai, naye ametupa ruhusa ya kulisema jambo hili bila ya kumtaja jina.

Tulipokwenda kumjulia hali tulimuuliza, "Mzee wetu, hukuhisi chochote kabla?" Akasema alihisi. Mikono ilimtetemeka, jasho lilimtoka, macho yakaingia kiza, na yote hayo alikuwa na chupa ya maji na tende mfukoni. "Lakini shekhe wangu," akasema, "mtu mzima na ndevu zangu hizi, nionekane natafuna tende mchana wa Ramadhani mbele za watu?"

Basi tutayazungumza mawili: hiki tunachokila, na hiyo haya aliyoitaja. Sisi wenyewe tumo. Mwaka wa nane huu tangu daktari atuambie kuwa sukari yetu imepanda, na tulipotoka pale jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kununua mahamri. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba tunasimama hapa kumsuta.

Chakula chote cha wanga, kiwe kitamu au kisiwe kitamu, tumbo hukivunja kikawa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini ili sukari itoke katika damu iingie katika viungo, ikawe nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilichoenea kwetu, viungo huwa vizito kuitikia insulini, na baada ya miaka kongosho lenyewe huchoka. Sukari iliyobaki katika damu huharibu mishipa kidogo kidogo, ya macho, ya figo, ya miguu na ya moyo. Na hapa Uingereza imethibitika kwamba watu wenye asili ya Afrika na ya Bara Hindi hupatwa na maradhi haya kwa wingi zaidi kuliko Wazungu, tena katika umri mdogo zaidi na wakiwa na unene mdogo zaidi. Msijipime kwa tumbo la jirani.

Sasa tuitazame meza yetu. Mtu wetu mwenye sukari akikaa kufuturu husukuma mbali kalimati na tambi, akasema, "Mimi vitamu nimeacha." Kisha huteka muhogo wa nazi, akatia na ndizi mbichi, kiazi kitamu kimoja, na baada ya Tarawehe akamalizia kwa wali. Ulimi wake umeacha utamu, damu yake haina habari. Gramu 100 za muhogo uliopikwa zina wanga karibu gramu 38, na sahani ya kwetu haina gramu 100, ina 300 na zaidi. Kikombe kimoja cha wali mweupe kina gramu 45. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 tu. Fanyeni hesabu: kikombe cha wali kinakaribia vijiko kumi na kimoja vya sukari, na hakuna mwenye akili timamu atakayekunywa chai ya vijiko kumi na kimoja.

Na tende? Hapa wengi hukasirika, kwa hiyo tuseme polepole. Mapokezi ya Anas, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, yanaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifungua kwa tende mbivu, zisipopatikana kwa tende kavu, na zisipopatikana kwa funda za maji. Sunna inatimia kwa tende moja, na moja ni witiri. Lakini zile tende kubwa za Medjool zinazoletwa hapa msikitini kwa makasha, kila moja ina wanga wa gramu 16 hadi 18, na tunawaona watu wakila tano kabla ya kukimu sala. Tende ndogo za kawaida zina gramu tano au sita. Mwenye maradhi ya sukari na atafute ile ndogo, aile moja, anywe maji, asali Magharibi. Amefuata Sunna, hakupungukiwa na kitu.

Kupunguza wanga si uzushi wa vijana wa mitandao. Mwaka 1797 daktari wa jeshi la Waingereza aitwaye John Rollo aliandika jinsi alivyomtibu mgonjwa wa sukari kwa kumpunguzia nafaka na kumlisha zaidi nyama na mafuta, zaidi ya karne moja kabla insulini haijagunduliwa kule Toronto mwaka 1921. Siku hizi madaktari wa nchi hii huita mlo wenye wanga usiozidi gramu 130 kwa siku kuwa ni mlo wa wanga mdogo. Mwaka 2021 kamati ya wataalamu wa lishe inayoishauri serikali ilikubali kwamba kwa mwenye kisukari cha aina ya pili mlo huo husaidia kushusha sukari katika miezi ya mwanzo. Baada ya hapo faida yake juu ya milo mingine haikuonekana wazi, labda kwa sababu watu huchoka kuufuata. Sisi hatuwaambii kuwa ni wajibu. Tunasema ni njia moja, nasi imetufaa.

Na tusidhani kuwa njia hiyo ni ya kigeni kwetu. Aliyelelewa pwani amelelewa juu ya samaki. Samaki wa kupaka, pweza, kuku wa kuchoma, mayai, mchicha, bamia, biringani, kisamvu, kachumbari, mtindi usiotiwa sukari, vyote hivi wanga wake ni mdogo. Tui la nazi lina mafuta mengi na wanga kidogo, kwa hiyo halipandishi sukari kama muhogo unaoogelea ndani yake, ila lina nguvu nyingi, na mwenye kutaka kupungua mwili asilinywe kama supu. Kunde na mbaazi zina wanga, lakini zina nyuzinyuzi nyingi na hupandisha sukari taratibu, basi upawa mmoja hauna neno. Sambusa ya nyama moja au mbili si msiba. Juisi ya maembe kwenye jagi, ukwaju uliotiwa sukari, soda na faluda, hivyo ndivyo adui, kwa sababu vinaingia mara moja na mtu hahesabu alichokunywa. Kopo moja la soda la mililita 330 linaweza kuwa na sukari gramu 35.

Nyumbani kwetu mama watoto alibuni kipimo. Alichukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisichokuwa na mkono, akasema, "Wali wako ni viwili hivi, na usiniulize cha tatu." Tulicheka, kisha tukanuna, kisha tukazoea. Vikombe hivyo viwili havipati gramu 30 za wanga. Akatufundisha pia kuanza na samaki na mboga, wali ukaja mwisho, na kipimo chetu cha sukari kikaonyesha tofauti baada ya saa mbili. Baadaye daktari alituthibitishia kuwa mpangilio huo umechunguzwa na una athari. Watoto nao walitukunia koliflawa wakaipika kama pilau, kwa binzari nyembamba, iliki na mdalasini. Hautakuwa wali, wala tusidanganyane. Lakini unabeba mchuzi.

Daku ndiyo inayopuuzwa. Wengi hunywa chai ya maziwa na mkate mweupe, au hulala wakaipita kabisa, ilhali Sunna ni kula daku na kuichelewesha. Mayai, samaki wa jana, mtindi, mboga, na wanga kidogo wa nafaka isiyokobolewa, huo ni msingi utakaomfikisha mtu alasiri.

Tunarudi sasa kwa mzee wetu, maana hapa pana jambo linaloweza kuua. Yeye hakuanguka kwa sababu alikula vibaya. Alianguka kwa sababu alikula vizuri! Mjukuu wake alimweleza habari za kupunguza wanga, naye akashika kwelikweli, mwezi wa Shaabani wote. Sukari yake ikashuka, akafurahi. Lakini hakumwambia daktari. Akaingia Ramadhani akila daku mayai mawili na chai kavu, na juu yake akimeza kidonge kilekile cha gliklazidi, kwa kipimo kilekile alichoandikiwa alipokuwa akila sahani mbili za wali. Kidonge hicho hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula au hukula. Insulini ikamwagika, sukari ya kuishughulikia haikuwepo.

Kwa hiyo mwenye kudunga insulini, au anayemeza gliklazidi na jamii yake, asipunguze wanga wala asifunge kabla ya kuzungumza na daktari au muuguzi wake apangiwe dawa upya. Mazungumzo hayo yafanyike wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani, na aliyechelewa aende kesho asubuhi. Wanaotumia zile dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama dapagliflozini na empagliflozini, nao waulize, kwani kufunga pamoja na kukata wanga sana kunaweza kuifanya damu yao ikaingia asidi ya hatari, hata sukari ikionekana ni ya kawaida. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito mwenye sukari, mwenye figo zilizoharibika, na ambaye sukari imekwisha kumwangusha siku za karibuni, hawa hatari yao ni kubwa, na ushauri wa madaktari kwa wengi wao ni kutofunga.

Kujidunga kidole kupima damu hakufunguzi. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jiddah mwaka 1997, ilipitisha kuwa sindano za dawa zisizokuwa za lishe, za ngozini, za msulini au za mshipani, hazibatilishi saumu. Basi pimeni mchana bila ya wasiwasi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwa kipimo cha hapa, au 70 kwa kipimo wanachotumia ndugu zetu wengi wa Ghuba, fungua papo hapo, hata ikibaki robo saa kuadhiniwa. Vivyo hivyo ikipita 16.7, yaani 300. Na iliyeshuka, wakati huo asituletee habari za kupunguza wanga. Anywe juisi, au ale tende ndogo tatu, apime tena baada ya robo saa.

Tumebakiwa na ile haya. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa kwa uwazi, na zikampa siku nyingine za kulipa, na aya hiyo ya pili ikabainisha kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Ruhusa haikuja kwa siri, imekuja katika Kitabu kinachosomwa kwa sauti. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamekwenda mbali zaidi: anayechelea kuangamia au kupotewa na kiungo, kwake kufungua si ruhusa tena, ni wajibu. Kwa hiyo yule anayesema "nitafunga hata nikifa" asidhani kuwa ametuzidi ucha Mungu.

Anayetarajia kupata nafuu atalipa. Ndugu zetu, sisi tuliofunga hapa London Ramadhani ya mwaka 2016 kwa zaidi ya saa 18 tunajua uzito wa kiangazi, na tunajua pia kwamba siku za Disemba, jua linapotua kabla ya saa kumi alasiri, ni ngawira kwa mwenye deni. Asiyetarajia kupona hadi aweze kufunga, atoe fidia, kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji kwa kila siku moja, apewe maskini. Mzee wetu tumemhesabia siku zake, na amekubali.

Na nyinyi mnaowakaribisha wageni, akina mama na akina baba, mtu akisema "nimetosheka" msimuapie. Msimwambie kuwa chakula cha Ramadhani hakina madhara. Tumeona wenye sukari wakila kwa kumuonea haya mwenyeji, kisha wakalala na kiu na mikojo usiku kucha.

Kuanzia kesho meza yetu ya futari hapa msikitini itakuwa na tende ndogo, majagi ya maji mbele na juisi nyuma, na sahani ya samaki na mboga itakayotangulia wali. Mwenye kutaka kuleta bamia na alete, sufuria zipo. Dada yetu muuguzi atakaa chumba cha maktaba baada ya Tarawehe, Jumamosi na Jumapili, upande wa wanawake na upande wa wanaume, pamoja na kipimo chake. Njooni na dawa zenu zote ndani ya mfuko, hata zile mlizoacha kuzimeza. Zaka tutaiendeleza Jumatatu, inshaallah. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.